Herufi Mbili Kwenye Daftari la Mbung'o

Profesa aliniuliza kama najua Kifaransa, nikamjibu, "Kidogo." Sikujua. Nilijua kusalimia na kuhesabu hadi ishirini, vitu nilivyofundishwa na mtawa mmoja sekondari kabla hajahamishwa. Lakini nilikuwa nimemaliza shahada ya pili pale Birmingham miezi michache nyuma, viza ilikuwa ingali hai, na huyu mzee wa Kiingereza alikuwa ananipa kazi ya mwaka mzima ndani ya jengo lenye joto. Tangu nimalize masomo nilikuwa nafungasha sandwichi kiwandani, nimevaa koti na soksi mbili mbili, kwenye chumba baridi kama jokofu. Mtu anayetoka huko hajiulizi mara mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa ramani ya mbung'o. Kwenye savana ya Afrika Magharibi, mpakani mwa nchi mbili, watu wa idara ya mifugo walikuwa wametega mitego kandokando ya mito na ndani ya pori kwa miaka kadhaa. Mtego ni kitambaa cha bluu na cheusi kilichotandazwa kwenye mti uliochomekwa ardhini, juu yake chandarua chenye umbo la kofia, na juu kabisa kichupa. Mbung'o anavutwa na rangi, anapanda, ananaswa. Kisha mtu anafika, anafungua kichupa, anahesabu madume na majike, anaandika daftarini. Madaftari hayo yalikuwa kwenye maboksi manne sakafuni kwa Profesa. Mimi nilitakiwa niingize kila mtego kwenye kompyuta na mahali pake, halafu tuchore ramani: wapi mbung'o ni wengi, wapi wachache, wapi hawapo. Ramani ikikamilika ingerudi kwa wenyewe, iwasaidie kujua pa kupeleka dawa na pa kuchungia.

Nilijiona nimezaliwa kwa ajili ya kazi ile. Nilikulia Urambo, na baba yangu alikuwa mlinzi wa kizuizi cha mbung'o barabarani. Kila lori na kila baiskeli iliyotoka porini ilisimamishwa, na yeye na wenzake waliizunguka na nyavu ndogo, wakipekua chini ya madigadi na nyuma ya viti. Kwetu hatukufuga ng'ombe. Hakuna jirani aliyefuga. Maziwa tuliyoyajua yalikuwa ya kopo, na tulipoona picha ya ng'ombe kwenye kitabu cha darasa la kwanza tulimshangaa kama wengine wanavyomshangaa twiga. Kwa hiyo Profesa aliposema mbung'o, niliona ananieleza habari za nyumbani.

Nilikuwa napanga chumba Sparkhill, juu ya duka la vitambaa. Asubuhi nilipanda basi la Stratford Road lililojaa wanafunzi na akina mama, nikashuka mjini, nikabadilisha jingine hadi chuoni. Nilifungua daftari la siku, nikaanza kupiga namba. Mengine yalikuwa na alama za mvua. Jingine lilikuwa na mbung'o mkavu aliyebanwa katikati ya kurasa, mabawa yamepishana kama mkasi uliofungwa. Nilimwacha palepale.

Mwanafunzi aliyeianza kazi kabla yangu alikuwa ameacha karatasi ya maelekezo. Mstari mmoja ulisema: pasipo na namba, weka sifuri. Ndani ya madaftari, pasipo na namba paliandikwa neno moja la Kifaransa, "néant", ambalo nililitafuta kwenye kamusi nikakuta maana yake ni hakuna. Sawa, sifuri. Lakini kulikuwa na mahali pengine palipoandikwa herufi mbili tu, NV. Hizo hazikuwemo kwenye kamusi.

Nakumbuka siku ya kwanza nilipokutana nazo. Nilisimamisha mkono juu ya kibodi. Mlango wa Profesa ulikuwa wazi, hatua sita kutoka kwangu. Ningeweza kumwuliza bila hata kusimama. Ila nilikuwa nimeshamwambia najua kidogo, na niliona aibu kuonyesha kidogo chenyewe ni kidogo kiasi gani. Nikaweka sifuri. Ukurasa uliofuata zilikuwepo tena, nikaweka sifuri. Baada ya wiki moja mkono ulikuwa hausimami tena.

Ramani ilitoka nzuri sana. Mito ilichorwa nyekundu, maana mbung'o walijaa kwenye miti ya kando ya maji. Ukienda mbali na mto rangi ilipauka, ikawa ya machungwa, ikawa njano. Na upande wa kusini, ng'ambo ya mto mmoja wenye kona nyingi, palikuwa na eneo kubwa jeupe peee, halina mbung'o hata mmoja. Profesa alilitazama muda mrefu akasema, "Hii ni habari njema kwa mtu." Mwezi wa nane tukaituma.

Mwezi wa kumi, jioni moja mvua ikinyesha, aliingia bwana aliyekuwa akisafisha jengo letu. Tulikuwa tunafahamiana. Miezi kadhaa nyuma alinisikia nikiongea na mama kwenye simu, akasimama mlangoni na ndoo yake.

"Mama, weye ni wa Congo?"

"Hapana, mzee wangu. Tanzania."

"Ah! Kumbe ndiyo maana. Kiswahili bora!"

Tangu hapo tulisalimiana kila siku. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye mvi nyuma ya masikio tu. Siku hiyo alimwaga takataka zangu kwenye mfuko wake, akainua macho, akaiona ramani niliyoibandika ukutani.

"Hii ni nini?"

"Mbung'o."

"Mouche tsé-tsé?" Akaweka mfuko chini. "Miye nilikuwa infirmier, mama. Muuguzi ya ugonjwa ya kulala. Miaka kumi na mbili, kule Congo, Maniema." Akajigusa pembeni ya shingo kwa vidole viwili, taratibu, jinsi alivyokuwa akiwapapasa wagonjwa kutafuta uvimbe wa malale.

Nilimwambia akae, akakataa. Alisogea karibu na ukuta, akaweka kidole kwenye ule weupe.

"Na hapa?"

"Hapo hawapo."

"Hawapo kabisa? Na mto iko hapa pembeni?"

"Ndivyo takwimu zinavyosema."

"Onyesha miye."

Niliinama kwenye boksi, nikatoa daftari la eneo lile. Alifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, ndipo akalipokea. Akasoma ukurasa, akafunua, akasoma mwingine. Akaninyooshea.

"Hapa kwa kompyuta uliandika nini?"

"Sifuri."

"Hii haiko zero, mama. Zero ni hii." Akanionyesha "néant". "Alifika, akafungua, akakuta hakuna. Lakini hii ni NV. Non visité. Mtu hakufika."

Nilichukua daftari la pili, la tatu, nikaanza kufunua. NV zilikuwa karibu zote kwenye miezi ya masika. Ng'ambo ya mto wenye kona nyingi zilikuwa zimeshuka ukurasa mzima, mwaka baada ya mwaka, kwa mwandiko wa mtu yuleyule. Mvua zikianza mto ulijaa, njia ikazama, na aliyetakiwa kukagua mitego hakuweza kuvuka. Akaandika ukweli wake kwa herufi mbili. Mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha magurudumu Birmingham, nikaugeuza kuwa ahadi kwamba hapana nzi. Na masika ndiyo majira ambayo mbung'o hutawanyika mbali na mto.

Yule bwana aliokota mfuko wake. "Pole, mama," akasema. "Kesho mwambie mukubwa yako. Usingoje keshokutwa."

Asubuhi nilimkuta Profesa bado hajavua koti. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alivua miwani, akaishika kwa mikono miwili.

"Ulisema unajua Kifaransa."

"Nilidanganya."

Nje mtu alikuwa anarudisha gari nyuma, likilia pi, pi, pi. Nilijua ananifukuza, na nilikuwa nimeshaanza kuwaza kile chumba baridi cha sandwichi.

"Mimi nasoma Kifaransa," akasema hatimaye. "Vibaya, lakini nasoma. Sikufungua daftari hata moja. Niliona ule weupe nikaupenda." Akavaa miwani. "Kaa chini. Nipigie simu zile ofisi."

Alizungumza nao mwenyewe, kwa Kifaransa chake kizito kama mtu anayesukuma kabati. Alirudia neno moja mara nyingi, "erreur, erreur", kosa, kosa, na hilo hata mimi nililielewa.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, barua pepe kutoka kwa afisa mifugo wa kule. Kwa bahati mbaya, aliandika, ramani ilikuwa imeshatumika. Ilionyeshwa kwenye mkutano wa wafugaji, na ukoo mmoja ulihamishia mifugo yao ng'ambo ya mto mara tu maji yalipopungua. Wazee wengine walikuwa wamewaonya, lakini karatasi ilikuwa na mihuri. Ng'ombe walianza kukonda, manyoya yakasimama, macho yakatoa machozi: nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na mbung'o. Waliowahiwa na sindano walipona. Wengine hawakuwahiwa, wakiwemo wenye mimba. Mwishoni aliwashukuru wenzake wa Birmingham kwa kusahihisha. Hakuandika lawama yoyote. Nilisoma ile shukrani, nikaenda chooni nikalia kwa sauti ya chini, nimefungulia maji ili nisisikike.

Kazi ilibidi irudiwe, daftari kwa daftari. Profesa aliniuliza kama namjua mtu anayesoma Kifaransa vizuri na anayeelewa mambo haya.

"Ninamjua," nikasema. "Ndiye anayemwaga takataka zako."

Makaratasi ya kumwajiri yalichukua wiki kadhaa, lakini Profesa aliyasukuma mpaka yakapita. Siku ya kwanza yule bwana alikuja na suti ya kahawia, tai, na kalamu yake mwenyewe mfukoni. Profesa alisimama, akampa mkono, akamwita Monsieur. Tulikaa pamoja kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, yeye akisoma, mimi nikiandika. Saa nane aliaga kwa heshima, akaenda kwenye kijichumba cha mafagio kubadilisha nguo, na baadaye akarudi na sare ya bluu kumwaga ndoo ya chumba kilekile. Profesa alivumilia siku tatu. Siku ya nne nilimwona mwenyewe akitoka na ndoo yake ya takataka, anatembea haraka kwenye korido kama mtu aliyeiba kuku.

Yule bwana hakusoma namba tu. Alisoma watu. "Huyu kijana iko mvivu," angesema, "ona, kila siku anakuta mbung'o kumi. Hakuna mahali mbung'o bako kumi kila siku." Tukatia alama pembeni. Au, "Huyu ni mtu mwema. Ameandika mtego umechomwa na moto. Angeweza kuandika zero." Kwa yule aliyeandika NV ng'ambo ya mto, aliinamisha kichwa kidogo. "Huyu namupenda," akasema.

Siku moja tukiwa katikati ya daftari lake aliacha kusoma. Nilidhani mwandiko umemshinda.

"Miye pia niliandika NV," akasema.

Akanieleza. Kule Maniema alikuwa na orodha ya vijiji, akivizungukia na baiskeli na darubini yake kwenye sanduku. Kijiji kimoja kilikuwa ng'ambo ya mto mdogo, na daraja lilivunjika. Aliandika NV. Mwezi uliofuata daraja lilikuwa bado, akaandika NV. Makao makuu walipojumlisha mwaka, kijiji kile kilisomeka hakina mgonjwa, kikaondolewa kwenye orodha. Dawa zikaenda kwingine. Vita vikaja, mambo yakavurugika, na alipofanikiwa kuvuka alipitia njia ya kukimbia, si ya kazi. Alikuta nyumba ambazo watu walikuwa wamekaa barazani mchana kweupe, videvu vimeanguka kifuani, chakula kiko mkononi.

"Walikuwa wangapi?" niliuliza.

"Sikuhesabu. Sikukuwa na daftari."

Akavuta daftari karibu, akasoma mstari uliofuata, nikaandika.

Tatizo lilikuja tena tulipofika kwenye rangi. Nilimwambia Profesa nataka kila palipokuwa NV pawe kijivu, na chini ya ramani paandikwe: hatujui. Nilipompa chapa ya kwanza uso ulimshuka. Kijivu kilikuwa kimekula karibu kila kitu kilicho mbali na mto.

"Wakiiona hii waliotupa ufadhili watasema hatukufanya kazi."

"Sehemu hiyo hatukuifanya," nikasema. Sijui nilipata wapi ujasiri. Huko nyuma nisingethubutu. "Hakuna aliyeifanya."

Alisema kompyuta inaweza kukisia, kwa kuangalia mvua na miti ya sehemu zinazofanana. Nilijua, ndiyo elimu aliyonifundisha. Tulibishana siku mbili, kwa adabu, milango ikiwa wazi. Mwisho tukachora mbili: moja ya makisio, imeandikwa makisio kwa herufi kubwa, na moja ya kijivu. Yule bwana wa Maniema aliombwa maoni. Alizitazama zote mbili, akasema ya kijivu ni mbaya kwa macho lakini angekuwa mfugaji angeichukua hiyo.

Afisa mifugo naye aliichukua hiyo. Aliandika kwamba kwa mara ya kwanza ameweza kumwonyesha mkubwa wake kwa kidole mahali wasipofika, na kwa ajili hiyo amepewa pikipiki mbili na mtumbwi. Masika yaliyofuata watu wake walivuka. Madaftari mapya yalipokuja tuliyafungua pamoja, sisi watatu. Kwingine ndani ya kijivu mbung'o walikuwa wengi kuliko mtoni, na kwingine kweli hawakuwepo, mtu amefika, ameangalia, ameandika "néant". Sikuweza kufurahia sana. Niliingiza namba, nikarudia kuzikagua, nikamwomba na Profesa azikague. Akazikagua zote, na kamusi pembeni.

Kuhusu ule ukoo uliopoteza ng'ombe, nilimwomba Profesa tuwaandikie. Tuliandika barua ya kuomba radhi, yule bwana akaitafsiri kwa Kifaransa. Afisa alituambia aliwasomea. Mzee wa familia, alisema, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama aliyeandika ni mwanamke au mwanamume, akaambiwa mwanamke, akasema sawa. Hatukupata neno jingine.

Mkataba wa yule bwana ulipokwisha Profesa alimwandikia barua ya kumsifu, na kwa barua hiyo akapata kazi ya kusaidia wauguzi kwenye wodi ya wazee. Hakikuwa cheo chake cha zamani, lakini alisema anashika tena mapigo ya moyo ya mtu. Jumapili moja yeye na familia yake walinialika nyumbani kwao Hodge Hill. Mkewe alipika sombe, kisamvu chao, samaki wa kuvuta moshi na ugali wa muhogo, akaniongezea mara tatu bila kuniuliza. Binti yao mdogo alimwuliza baba yake kwa Kiingereza kama mimi ndiye yule mama wa nzi.

"Jibu kwa Kiswahili," baba yake akamwambia.

"Lakini sijauliza kwa Kiswahili," akajibu, bado kwa Kiingereza, na tukacheka wote.

Mimi mkataba wangu, ulioongezwa ili kazi irudiwe, uliisha mwaka uliofuata. Nilikuwa nimepata nafasi idara ya mifugo nyumbani, Tabora. Wiki ya mwisho nilikwenda mtaa wa Alum Rock kutafuta sanduku la safari, nikaingia duka ambalo masanduku yalipangwa mpaka barabarani. Muuzaji alikuwa kijana wa Afrika Magharibi. Nilimwuliza kwao ni wapi, akanitajia mji, akiwa na hakika siujui.

"Ule wa kaskazini ya mto," nikasema. "Mto unakunja kona mbili, halafu kuna kivuko cha mawe."

Alishusha sanduku alilokuwa amelishika. "Umefika?"

"Sijafika."

"Umejuaje kivuko?"

Nilimwambia nilikuwa nachora ramani. Akatikisa kichwa, akicheka, akaita mwenzake aje anione. Nilimwuliza kama kwao wanafuga. Akasema baba yake alifuga zamani, ng'ombe wakafa, akaacha. Nilishika mpini wa sanduku, nikamwuliza ilikuwa mwaka gani.

"Aa, zamani. Mimi nilikuwa darasa la tatu."

Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Nilihesabu haraka, nikaona ni miaka mingi kabla ya ramani yangu, nikapata nafuu mwilini kama mtu aliyetuliwa mzigo, na papo hapo nikaionea haya nafuu ile, kwa sababu ng'ombe wa baba yake walikuwa wamekufa vilevile. Nilimpa pole. Alishangaa kidogo, maana yalikuwa mambo ya siku nyingi, lakini aliipokea. Kisha akafungua zipu ya sanduku na kuifunga mara mbili, kunionyesha kwamba haikwami.